Probox, Matatu na Mita 9 za Lami: Uchambuzi wa Kisa

Magari mawili yaligongana kwenye njia panda ya mtaa mmoja wa Eastlands, Nairobi, yakanasana, yakaburutika pamoja mita 9 juu ya lami kavu na kusimama hatua chache kutoka kibanda cha mboga. Moja lilikuwa matatu ya abiria 14, iliyokuwa ikielekea mashariki. La pili lilikuwa Probox iliyobeba viazi, iliyotokea kusini ikielekea kaskazini. Pua ya Probox iliingia ubavuni mwa matatu upande wa kulia, nyuma kidogo ya mlango wa dereva, ikakwama hapo. Dereva wa Probox alivunjika mguu. Ndani ya matatu watu walipata michubuko, mmoja akapasuka juu ya jicho. Hakuna aliyekufa. Njia panda yenyewe siitaji, wala sacco ya matatu ile, na vipimo nimevizungusha kidogo ili hesabu isomeke bila kikokotoo.

Dereva wa matatu aliapa kwamba alikuwa kwenye 30. Wa Probox akasema 40, "hata chini ya hapo". Umati nao ulikuwa umeshatoa hukumu kabla askari wa trafiki hajafika: "Hiyo mat ilikuwa mbio sana. Si mnaona vile imeburuta Probox mpaka hapa?"

Hoja ya umati si ya kupuuzwa, maana imesimama juu ya kitu kinachoonekana. Ukichora mstari kutoka mahali magari yalipogongana hadi yaliposimama, mstari ule umeachana na njia ya matatu kwa digrii 40 kuelekea kaskazini. Maana yake uko karibu zaidi na njia ya matatu kuliko ya Probox, ambayo ingekuwa digrii 90. Matatu ndiyo iliyoivuta Probox upande wake. Kwa hiyo, wakasema, matatu ndiyo iliyokuwa mbio.

Mwenye matatu alikuja kwangu kwa sababu nafundisha fizikia kidato cha tatu, na huko ndiko migongano inakofundishwa. "Mwalimu," akasema, "mimi siombi unitetee. Niambie tu kama huyu dereva wangu ananidanganya." Nikamwambia, "Mzee, tukipata uzito, pembe na urefu wa mburuto, tutajua wote wawili wanadanganya kiasi gani."

Vitu hivyo vitatu vilipatikana. Pembe na urefu vilipimwa kwa futi ya fundi, alama za matairi zikiwa bado mbichi na mafuta yaliyomwagika yakionyesha mahali hasa pa kugongana. Uzito mtupu wa magari unajulikana: matatu kilo 1,900, Probox kilo 1,080. Kwenye Probox ongeza dereva, kilo 70, na magunia matano ya viazi ya kilo 50 kila moja. (Bahati nzuri hayakuwa ya lumbesi, yale yanayojazwa kupita kipimo; lumbesi ingetuvurugia hesabu kama inavyomvurugia mkulima.) Jumla kilo 1,400. Kwenye matatu, tukichukua abiria 14, dereva na konda, kila mtu kilo 70, tunafika kilo 3,020. Idadi hiyo ya abiria ilikuja kuleta ubishi, na tutaurudia.

Kilichobaki ni lami. Kuna njia ya kuipima ambayo haihitaji maabara: tairi bovu linajazwa zege hadi lifike kilo 20, linafungwa kamba, linavutwa kwa mwendo mmoja juu ya lami ileile kwa mzani wa kuning'iniza, ule wa kupimia magunia. Mzani ukisoma kilo 12 wakati tairi linaburutika, kiwango cha msuguano ni 12 kwa 20, yaani 0.6. Ndivyo ulivyosoma. Lami kavu nzuri inaweza kufika 0.7 au 0.8, ile ya pale imelainishwa na miaka ya matairi na mafuta, kwa hiyo 0.6 haikunishangaza.

Kutoka mwisho kurudi nyuma

Kisa kama hiki husomwa kinyumenyume, kwa sababu mwisho wake ndio ulioacha alama.

Magari yaliyonasana yana kilo 4,420. Yaliburutika mita 9 mpaka yakasimama, na kitu pekee kilichoyasimamisha ni msuguano. Kasi yaliyokuwa nayo mwanzoni mwa mburuto ni kipeuo cha pili cha 2 × 0.6 × 9.8 × 9, yaani mita 10.3 kwa sekunde, kama kilomita 37 kwa saa. Ona kwamba uzito hautokei kwenye hesabu hii. Gari zito linasuguliwa zaidi lakini pia ni gumu zaidi kulisimamisha, na mambo hayo mawili yanafutana.

Mpaka hapo tuna kasi ya pamoja, baada tu ya kugongana. Sasa tunataka kuvuka kurudi upande wa pili wa mgongano, sekunde moja ya kumi hivi kabla, kila gari likiwa bado na njia yake. Hapa ndipo watu wengi huteleza, kwa sababu kuna madaraja mawili yanayofanana, na moja kati yao limevunjika.

Kijana mmoja wa jamaa za dereva wa Probox, anayesomea uhandisi, alipita lile lililovunjika. Karatasi yake ilikuwa safi kuliko za wanafunzi wangu wengi. Alichukua nishati iliyoliwa na msuguano katika mita 9, kilojuli 234, akasema hiyo ndiyo nishati magari yaliyokuwa nayo kabla ya kugongana. Kisha akaamini neno la dereva wa matatu: 30. Matatu kwa 30 ina kilojuli 105. Zilizobaki, 129, akaipa Probox, na Probox ya kilo 1,400 yenye kilojuli 129 inakwenda kilomita 49 kwa saa. Kikomo cha mwendo mjini ni 50. Kila mtu alikuwa ndani ya sheria! Karatasi hiyo iliwapendeza madereva wote wawili, jambo ambalo peke yake lingetosha kumtia mtu shaka.

Tatizo ni kwamba nishati ya mwendo haivuki mgongano wa namna hii salama. Bati la ubavu wa matatu lilikunjwa, chasisi ya mbele ya Probox ikapinda, vioo vikasagika, kishindo kikasikika mbali. Yote hayo yalilipwa kwa nishati ya mwendo, na malipo yalitoka katika ile sehemu ndogo ya sekunde ambayo karatasi ya kijana iliiruka. Kusema nishati ya kabla ni sawa na ya baada ni kusema bati lilikunjika bure.

Na karatasi yake inajikana yenyewe ukiipima kwa kanuni nyingine. Matatu kwenye 30 na Probox kwenye 49, yakinasana, yangeanza mburuto kwa mita 7.1 kwa sekunde tu, na kwa lami ile yangesimama baada ya mita 4 na kidogo. Alama za barabarani zina mita 9.

Daraja zima ni momenta. Momenta ya gari ni masi yake mara kasi yake, pamoja na mwelekeo wake. Wakati wa mgongano Probox inaisukuma matatu, na matatu inaisukuma Probox kwa kani ileile upande wa pili, kwa muda uleule. Anachopata mmoja ndicho anachopoteza mwingine. Haijalishi bati limekunjika kiasi gani, wala kama magari yalirukana au yalinasana. Jumla ya momenta ya magari mawili, ukihesabu mwelekeo, inatoka upande wa pili ikiwa ileile.

Kwa hiyo: baada ya kugongana, kilo 4,420 kwa mita 10.3 kwa sekunde ni momenta ya takriban 45,500 (kilo mara mita kwa sekunde), ikielekea digrii 40 kaskazini mwa njia ya matatu. Igawe sehemu mbili. Sehemu ya mashariki ni 45,500 mara kosaini ya 40, yaani 34,850. Sehemu ya kaskazini ni 45,500 mara saini ya 40, yaani 29,250.

Kabla ya kugongana, Probox haikuwa na mwendo wowote wa mashariki. Ilitoka kusini moja kwa moja. Hivyo 34,850 zote za mashariki zilikuwa za matatu. Zigawe kwa kilo 3,020: mita 11.5 kwa sekunde, karibu kilomita 42 kwa saa. Na matatu haikuwa na mwendo wowote wa kaskazini, kwa hiyo 29,250 zote zilikuwa za Probox. Zigawe kwa kilo 1,400: mita 20.9 kwa sekunde.

Kilomita 75 kwa saa, ndani ya mtaa, na viazi nyuma.

Umati ulikuwa sahihi kwamba matatu ndiyo iliyokuja na momenta kubwa zaidi, 34,850 dhidi ya 29,250. Macho yao hayakuwadanganya. Walichokosa ni kugawa. Momenta ile ya matatu ilitokana na uzito. Ya Probox ilitokana na mbio.

Je, kama vipimo vina makosa?

Wakili yeyote wa upande wa pili ataanza na lami. Sawa. Tuseme kiwango cha msuguano ni 0.5: Probox inashuka hadi 69, matatu 38. Tuseme ni 0.7: Probox inapanda hadi 81, matatu 45. Tarakimu zinasogea, lakini zinasogea pamoja. Hili si bahati. Ukigawa kasi ya Probox kwa kasi ya matatu, msuguano na urefu wa mburuto vinafutika vyote, na kinachobaki ni uwiano wa masi mara tanjenti ya pembe: 3,020 kwa 1,400, mara 0.839, sawa na 1.8. Lami iwe kavu, iwe na mafuta, iwe imemwagiwa viazi, Probox ilikuwa na mwendo wa karibu mara mbili ya matatu.

Hii kwangu ndiyo sehemu tamu zaidi ya kisa. Jambo gumu kulipima, yaani msuguano, halina sauti katika swali la nani alikuwa mbio kuliko mwenzake. Sauti iko kwa pembe na uzito, ambavyo hata fundi wa mtaani anaweza kuvipata.

Ili magari hayo mawili yawe na mwendo sawa, na pembe ibaki 40, matatu ingepaswa kuwa na kilo 1,670 hivi. Hiyo ni chini ya uzito wake mtupu, kabla hata dereva hajapanda. Au tuache uzito na kulaumu pembe: ingepaswa kuwa digrii 25. Anayepima kwa futi anaweza kukosea digrii mbili tatu. Digrii kumi na tano, hapana.

Pingamizi zito zaidi ni hili: nimesema momenta ya magari mawili inahifadhiwa, lakini msuguano wa barabara haukupumzika wakati wa kugongana. Barabara ni mtu wa nje, na kanuni inadai pasiwe na msukumo wa nje. Ni kweli. Basi tuupime. Momenta iliyohama kutoka gari hadi gari ni kama 22,800. Kwa sekunde 0.1 hiyo ni kani ya wastani ya nyutoni 228,000. Msuguano wa magari yote mawili, matairi yakiburutika, ni nyutoni 26,000. Kwa muda huo mfupi barabara inaweza kuiba momenta 2,600 tu kati ya 45,500, chini ya asilimia 6. Tena inaiba, haiongezi, kwa hiyo ukiirudisha magari yote mawili yanatoka yakiwa na mbio zaidi kidogo. Si kosa la kumwokoa mtu yeyote hapa.

Ndiyo maana kanuni hii ina mipaka ya saa. Inafaa katika sekunde ile moja ya kumi. Haifai katika mita 9 zilizofuata, ambako barabara ndiyo msemaji pekee. Wanafunzi wengi wanaijua kanuni kwa moyo na bado wanakosa swali kwa sababu hawajaamua mwanzo na mwisho wa kipindi chao viko wapi, na nani yuko ndani ya hesabu na nani yuko nje.

Jambo jingine la kuangalia ni mzunguko. Probox iliigonga matatu karibu na katikati ya uzito wake, kwa hiyo magari yaligeuka kidogo tu. Ingeipiga mkiani, matatu ingezunguka kama pia, sehemu ya mwendo ingekuwa ya kujizungusha, na hesabu yangu ya mita 9 ingehitaji kazi zaidi.

Swali la mwenye gari

Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo ningependa niulizwe darasani mara nyingi zaidi. "Unasema hii momenta haipotei. Mbona magari yamesimama? Hizo elfu arobaini na tano zimeenda wapi?"

Zimeenda kwenye ardhi. Matairi yaliyokuwa yakiburutika yaliisukuma lami kuelekea kaskazini-mashariki, na lami imeshikamana na Dunia nzima. Ukiiingiza Dunia kwenye hesabu, jumla haijabadilika. Dunia ina masi ya kilo zipatazo 6 zikifuatwa na sufuri 24, kwa hiyo mwendo ilioupata ni mdogo kiasi kwamba kwa mwaka mzima usingeisogeza hata upana wa atomu moja. Na hata huo haukuwa faida mpya. Matatu ilipoondoka stendi na kushika mwendo, matairi yake yaliisukuma Dunia nyuma kwa kiasi kilekile. Pale njia panda ilikuwa ikirudisha deni.

Mzee akacheka. "Kwa hivyo hata dunia iko na deni ya matatu."

Wanazuoni wa karne ya 17 waliuhangaikia mkanganyiko huu wa nini hasa kisichopotea kabla ya kupata njia. René Descartes, mwaka 1644, aliamini kwamba kiasi cha mwendo ulimwenguni hakibadiliki, lakini alikihesabu bila mwelekeo: ukubwa mara kasi, basi. Kwa hesabu yake, magari mawili yaliyotoka pande mbili yangejumlishwa kama mizigo ya mzani, na pembe ya digrii 40 isingekuwa na la kusema. Mwaka 1668 Royal Society ya London, jumuiya ya wanasayansi, iliomba majibu kuhusu kanuni za migongano, na John Wallis, Christopher Wren na Christiaan Huygens wakaleta. Mwelekeo ukaingia, na vitu vinavyoelekeana vikaanza kutoana badala ya kujumlishwa. Newton alipochapisha kitabu chake mwaka 1687, uhifadhi huu ulitokana na sheria yake ya tatu, ileile ya kani mbili zilizo sawa na kinyume.

Leibniz naye, mwaka 1686, alidai kwamba kipimo cha kweli cha nguvu ya kitu kinachotembea ni masi mara kasi mara kasi tena. Ugomvi ukadumu miongo kadhaa. Willem 's Gravesande aliangusha tufe za shaba nyeupe kwenye udongo wa mfinyanzi akaona shimo linakua kwa kadiri ya kasi mara kasi, na Émilie du Châtelet akaisimamia hoja hiyo katika kitabu chake cha 1740. Leo tunajua kila upande ulikuwa umeshika kitu cha kweli. Kisa chetu kinavionyesha vyote viwili kwa wakati mmoja. Kwa momenta, matatu ilishinda. Kwa nishati, angalia: matatu ilikuja na kilojuli 201, Probox na 306. Gari dogo lilibeba nishati mara moja na nusu ya lile kubwa, kwa sababu mbio zinahesabiwa mara mbili. Jumla ni kilojuli 507. Zilizobaki baada ya kugongana ni 234. Zile 273, zaidi ya nusu, ndizo zilizokunja bati. Na ukiuliza nani alileta sehemu kubwa ya uharibifu kwenye njia panda ile, jibu liko kwenye nishati.

Kuhusu majeruhi, hesabu inasema jambo ambalo huwa gumu kuaminika. Magari yote mawili yalipigwa kwa kani ileile. Watu hudhani kubwa ndilo "lililopiga" na dogo "likapigwa". Sivyo. Lakini momenta 22,800 ikigawanywa kwa kilo 3,020 inabadilisha mwendo wa matatu kwa mita 7.5 kwa sekunde, na ikigawanywa kwa kilo 1,400 inabadilisha mwendo wa Probox kwa mita 16. Mwili wa dereva wa Probox ulilazimishwa kubadili mwendo kwa kilomita 59 kwa saa kufumba na kufumbua. Abiria wa matatu kwa 27. Dereva huyo wa Probox alikuwa amefunga mkanda, vinginevyo asingekuwa anabishana na mtu. Mikanda ya matatu, tuliyoletewa na kanuni za waziri John Michuki mwaka 2004, mingi ilikuwa imening'inia tu. Yule aliyepasuka juu ya jicho alikuwa bado anaelekea mashariki wakati kiti chake kilikuwa kimeshageuzwa kaskazini, akakutana na chuma cha kiti cha jirani.

Uongo wa konda

Sasa ule ubishi wa abiria. Konda alimwambia tajiri wake kwamba safari ile walikuwa na watu watano tu, "saa za mchana, stage imelala". Abiria wasioumia walikuwa wameshadandia magari mengine, kwa hiyo hakukuwa na wa kumpinga. Mkazi yeyote wa Nairobi anajua kwa nini konda hupunguza idadi ya abiria mbele ya mwenye gari. Nauli ya watu tisa ni pesa.

Alichokuwa hajui ni kwamba kila abiria anayemfuta anaandikwa upya kwenye hesabu ya ajali. Kwa watu watano, dereva na konda, matatu ina kilo 2,390. Pembe na mburuto havibadiliki, vimechorwa kwenye lami. Rudia kugawa: Probox sasa inatoka na 64 au 65 badala ya 75, na matatu inapanda kutoka 42 hadi 45. Idadi ya watu waliokaa ndani ya matatu inabadilisha mwendo wa Probox! Inashangaza kwa dakika moja tu. Matatu nzito ni ngumu kuigeuza. Iliyogeuzwa digrii 40 ikiwa imejaa imegeuzwa na kitu kilichokuja mbio kweli. Ikiwa nusu tupu, pigo dogo zaidi lingetosha.

Kuna jambo la ziada. Kabla ya mahali pa kugongana, matatu ilikuwa imeacha alama za breki za mita 4. Probox haikuacha chochote. Zile kasi za 42 na 45 ni za wakati wa kugongana. Ukirudi nyuma mita 4 zaidi za breki, matatu iliyojaa ilikuwa kwenye 48, na ile ya watu watano ilikuwa kwenye 51. Upana wa makosa ya lami ni mkubwa kuliko pengo hilo, na sitaapa juu ya kilomita tatu. Lakini mtu wa bima akiona 51 kwenye karatasi hatauliza habari za lami. Konda, kwa kuficha nauli, alikuwa akimvusha dereva wake mstari wa 50 na kumpunguzia mwenzake wa Probox kilomita kumi.

Mzee alimwita, akamwekea karatasi mbili mezani, akamweleza polepole ipi inampeleka dereva kortini. Konda akatazama, akatoa simu. Jumbe za M-Pesa za nauli ya safari ile zilikuwa tisa, na wengine, akasema, walilipa keshi. "Walikuwa kumi na nne, mzee. Gari ilijaa." Pesa zikarudi mezani siku hiyohiyo, ingawa hilo ni jambo lao wawili.

Kwa hiyo karatasi iliyokwenda kwa bima ina abiria 14: matatu 48 kabla ya breki na 42 wakati wa kugongana, Probox 75 bila alama ya breki, msuguano kati ya 0.5 na 0.7, na mipaka ya kila tarakimu imeandikwa pembeni. Dereva wa matatu alisema 30, na mzee amepata jibu la swali lake. Nani alikuwa na haki ya kupita kwanza pale njia panda haimo kwenye karatasi hiyo, maana alama ya kusimama ya barabara ndogo ilishafutika kwenye lami, na hilo litaamuliwa na polisi na wale waliokuwa kibandani.